Rangi Juu ya Kutu

Sinevrah, 6 Machi 1983

Mpwa wangu Zlatina,

Pokea salamu zangu na za Stoyna, ambaye amekaa hapa kando ya jiko akijifanya anafuma soksi, kumbe ananichungulia aone kama nitakuandikia kwamba magoti yanamsumbua. Yanamsumbua. Nimeandika, sasa anafuma kweli. Theluji upande wa jua imeanza kuyeyuka, upande wetu bado. Pipa la kabichi limebaki nusu, na nguruwe wa Krismasi tumembakiza masikio. Haralan mchungaji anakusalimu. Anasema huko baharini unaishi na wanaume wanaonuka samaki, na huku wapo wanaonuka mbuzi, kwa hiyo uchague. Nikamwambia umeolewa na una mtoto. Akasema hilo hakuuliza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tumeletewa mwenyekiti mpya wa baraza, Kuzmanov, kijana wa mjini. Juzi alikuja akasimama katikati ya daraja na kofia yake mkononi. Akaniambia, "Mzee Ignat, chuma hiki kina umri mkubwa kuliko sisi." Nikamjibu kuliko yeye, ndiyo. Anataka kulifunga, watu wazunguke kwa barabara ya chini mpaka daraja la zege kisha wapande tena. Wewe unaijua njia hiyo. Ukitoka asubuhi kupeleka ua kaburini, unafika mchana. Malisho yetu yako ng'ambo, makaburi yetu yako ng'ambo. Mama yako, dada yangu, amelala ng'ambo. Leo nimwambieje kwamba siwezi kumfikia kwa sababu ya kofia ya Kuzmanov?

Nataka mambo mawili kwako. Kwanza unitumie rangi nzuri ya meli, kijivu ileile. Nimekuwekea humu gamba dogo lililobanduka kwenye boriti ya upande wa makaburi, ulinganishe. Pili uje mwezi wa Mei tupake pamoja kama zamani. Nilikutundika kwa kamba chini ya daraja lile ukiwa na miaka minane, mama yako akiwa ametuacha mwaka huohuo, ukawa unakwangua misumari ya ribiti mmoja baada ya mwingine na kuimba. Leo wewe ni mkaguzi wa rangi mwenye muhuri. Neno moja tu kutoka kwako na Kuzmanov atarudisha kofia kichwani.

Mjomba wako, Ignat


Varna, 2 Aprili 1983

Mjomba Ignat, shikamoo,

Barua yako imetukuta salama. Ivka ameota meno mawili, na sasa anatafuna kila kitu mpaka mkanda wa saa ya baba yake. Plamen yuko zamu ya usiku wiki hii, kwa hiyo tunaonana mlangoni, mmoja akiingia mwingine akitoka. Mwambie mama Stoyna nimempelekea dawa ya kuchua magoti pamoja na rangi, kwa dereva wa basi la Smolyan. Mwambie na Haralan kwamba mimi nanuka tapentaini, na hakuna mbuzi atakayenikaribia.

Kazini, hapa kiwanda cha meli, tuna meli mpya. Huku hatukwangui kwa brashi ya waya. Tunapuliza mchanga kwa mashine mpaka chuma kinakuwa cheupe kama majivu, halafu lazima kipakwe rangi ya kwanza kabla umande haujashuka. Kikilala wazi usiku mmoja asubuhi kimeshageuka rangi ya chungwa, nasi tunaanza upya. Kila mara wanakuja wakubwa wakisema, "Zlatina, piga muhuri, meli ina tarehe." Mimi huwajibu kwamba kutu haina kalenda.

Gamba lako limefika. Nimelilinganisha, kijivu ni kilekile. Lilikuwa zito kidogo kwa gamba la rangi. Nilitaka kukuuliza, mjomba, miaka hii miwili mitatu ya karibuni umekuwa ukipaka mwenyewe au kuna mtu anakusaidia? Na pale boriti zinapokaa juu ya jiwe, ambapo mkojo wa kondoo hutiririka, unapafikia? Tafadhali chukua nyundo ndogo ugonge hapo chini uniambie pana sauti gani.

Mei sitaweza. Meli inashushwa majini na bila mimi haishuki. Nitakuja vuli, nakuahidi. Kuhusu neno la kumwandikia mwenyekiti, acha kwanza nije nione kwa macho yangu.

Mpwa wako, Zlatina


Sinevrah, 19 Mei 1983

Mpwa wangu,

Marahaba, na Ivka mbusu kwenye hayo meno. Siku ya Mtakatifu Georgi tulichinja mwanakondoo, Stoyna akaoka banitsa ya jibini, Haralan akala sehemu yake na yako. Kesho yake akavusha kundi kwenda malishoni.

Swali lako nimelicheka, kisha sikulicheka. Mimi niliyekufundisha kushika brashi, leo unaniuliza nani alipaka? Nilipaka mimi. Baba yangu alilipaka daraja hili, nami nimelipaka tangu nivue kaptura. Nyundo nimegonga. Inalia kama kengele ya kanisa. Umeridhika?

Rangi yako ni nzuri, inateleza kama krimu. Nimepaka chini rangi nyekundu ya risasi, ile ya kuzuia kutu, na juu kijivu mara mbili, na watu wamesifu. Kweli nimempaka na mbuzi mmoja wa Haralan pembe ya kushoto, maana alipita nikiwa kazini, na sasa Haralan anamwita Mwenyekiti. Kuzmanov mwenyewe amekuja, akatazama, akasema linang'aa. Akasema atangoja aone mkaguzi wa Varna anasemaje. Kwa hiyo tunakungoja.

Mjomba wako, Ignat

*Zlatina mwanangu, hapa ni mimi Stoyna. Amekwenda kulala ndiyo nimeongeza. Njoo. Usingoje vuli.*


Varna, 28 Juni 1983

Mjomba, shikamoo,

Meli imeshuka majini, Ivka ametembea, Plamen amepata homa, na yote yametokea wiki moja. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Asante kwa mtungi wa lyutenitsa, pilipili na nyanya za mama Stoyna. Tuliumaliza kabla ya Jumapili.

Nimefurahi kusikia kuhusu nyundo. Naona herufi zako zimekuwa kubwa siku hizi, barua moja inakula kurasa nne. Mwalimu wa hapo kijijini amekupa kalamu nene?

Nikusimulie jambo la hapa. Wiki iliyopita fundi mmoja alikanyaga ngazi ya meli ya zamani iliyoletwa kutengenezwa. Ngazi ilikuwa imepakwa vizuri kabisa, unaweza kujitazama kama kwenye kioo. Mguu ukapita kana kwamba amekanyaga karatasi. Ndani chuma kilikuwa kimekwisha, kumebaki rangi tu iliyokuwa imeshikilia umbo. Bahati yake alianguka juu ya marobota ya kamba.

Sasa nikwambie kitu kuhusu rangi niliyokutumia, niliyosahau kukuandikia. Rangi ya meli hukauka juu upesi lakini ndani hukawia, miezi mitatu au zaidi. Mpaka hapo isibebe uzito mkubwa. Tafadhali usiruhusu kundi wala mkokoteni. Watu wapite mmoja mmoja, na wasikae katikati kupiga soga. Unaweza kunifanyia hivyo mpaka nije?

Busu kwa mama Stoyna. Mwambie nimesoma.

Zlatina


Sinevrah, 11 Septemba 1983

Mpwa wangu Zlatina,

Tu wazima. Plamu mwaka huu zimevunja matawi, na pombe ya rakia tutakayopika itatosha kuzika na kuozesha. Stoyna amepata nafasi ya kwenda kwenye nyumba ya tiba ya maji moto kwa ajili ya magoti, majuma matatu, ataondoka mwishoni mwa mwezi. Amenipikia maharage ya kutosha jeshi zima, kana kwamba mimi sijui kuchemsha maji.

Nimefanya ulivyosema. Majira yote ya joto nimekaa pale kichwani mwa daraja kama askari wa mpaka. Wewe mmoja, pita. Wewe subiri. Haralan alinitukana kila Jumamosi akishuka kuchukua mkate, lakini alimfungulia punda wake mizigo akaibeba mwenyewe. Sasa miezi mitatu imetimia. Nimeigusa rangi kwa kidole na kwa shavu, ni kavu kama mfupa. Wiki iliyopita nimefungua. Mkokoteni wa nyasi umepita na daraja halikusema kitu.

Kuzmanov alikuja akaniuliza kama mkaguzi ameandika. Nikamwambia ameandika, tena kwa mkono wake, kwamba rangi ikishakauka daraja litabeba chochote. Akafurahi, akaondoka. Usinune. Si ndivyo ulivyomaanisha?

Vuli imefika, majani ya miti yameanza kuanguka. Wewe uko wapi?

Ignat


Varna, 4 Oktoba 1983

Mjomba wangu mpenzi,

Hatujambo sote. Leo siwezi kuandika habari za nyumbani.

Funga daraja. Lifunge siku utakayopata barua hii, kwa mbao na misumari, asipite hata mtu mmoja. Habari ya rangi kukawia kukauka niliitunga. Hakuna rangi ya namna hiyo. Niliitunga kwa sababu nilitaka uzito upungue juu ya daraja bila kukuambia sababu.

Gamba ulilonitumia mwezi Machi halikuwa gamba la rangi. Nyuma yake palikuwa na kutu nene kama gome la msonobari. Nililikata nikalitazama kwa kioo cha kukuza. Tabaka za chini, za zamani, ni nyembamba na safi, kila moja imekaa juu ya mwenzake, hiyo ndiyo mikono yako niliyoijua. Kisha inakuja kutu. Kisha juu ya kutu tabaka tatu mpya. Mtu aliyepaka hizo tatu hakukwangua chochote. Mjomba Ignat ninayemjua hawezi kuona kutu akaipaka rangi. Basi hakuiona. Mjomba, huoni vizuri, na mimi nimejua tangu Aprili.

Ningeweza kupiga simu barazani leo hii. Nimekwenda posta mara mbili nikarudi. Nikimwambia Kuzmanov, kesho yake kijiji kizima kitajua, na wewe watakuondoa kama mtu aliyeficha jambo. Nataka ulifunge mwenyewe, kwa jina lako. Useme umeliona limechoka. Ukifanya hivyo leo hakuna aibu yoyote.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe ishirini na tisa. Nakuja.

Zlatina wako


Sinevrah, 20 Novemba 1983

Mpwa wangu,

Anayeandika ni Stoyna, anayesema ni mimi. Magoti yake yamepata nafuu kidogo. Habari nyingine za nyumba unazijua, umeondoka hapa juzijuzi.

Ulipokuja kwa maziko ya Haralan ulikaa siku nne, ukapika, ukaosha vyombo vya waombolezaji, na mimi na wewe hatukusemezana ila "nipe chumvi" na "funga mlango." Ulinitazama, najua, nilisikia kiti chako kikigeuka. Sikuweza kukuambia uso kwa uso. Sasa uso wako uko mbali.

Barua yako ya Oktoba ilifika mapema. Usikae ukifikiri posta ilichelewa. Ilifika Stoyna akiwa kwenye maji moto. Niliona weupe wa bahasha, na wino niliuona kama moshi. Barua zako za nyuma nilizisoma kwa kioo, neno kwa neno, siku nzima. Hiyo sikuiweza hata kwa kioo. Mwalimu angenisomea, lakini mwalimu ana mdomo. Nikavuka nikapanda kwa Haralan zizini.

Tulikaa juani tukala mkate na jibini, akasoma. Anasoma polepole, unajua alivyo. Alipofika mahali fulani akaacha kusoma. Akasema, "Hapa ni salamu tu."

Nikamwambia, "Soma, mbuzi we."

Akasoma kwamba sioni. Kisha akakunja karatasi. Nikamwuliza kama alikuwa anajua. Akasema, "Nimejua tangu mwaka jana uliponisalimia ukampa mkono punda."

Tulicheka, Zlatina. Nakuambia ili ujue kwamba tulicheka.

Nikasema nashuka kufunga. Akasema, "Na kondoo? Theluji ikiwakuta huku juu wamekwisha. Nikizungusha kundi barabara ya chini watu wataniuliza kwa nini sikupita darajani, na mimi sijui kudanganya kama wewe. Ngoja Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa mwezi. Nitawavusha kumi kumi, polepole. Akishavuka wa mwisho, utapigilia mbao, utawaambia umeona ufa. Mzee Ignat kaona ufa, basi. Nani atabisha?"

Alifanya hivyo kwa ajili yangu. Kondoo wangeweza kuzunguka. Nilikuwa na kinywa cha kusema hapana, nikakitia mkate.

Siku ile nilisimama upande wa kijiji, mikono juu ya reli. Walikuja kumi, wakapita, nikasikia kwato na kengele. Kumi tena. Kati ya kundi na kundi alikuwa ananipigia kelele kutoka ng'ambo, "Ignat, unaona nilivyo mzuri leo?" nami nikamjibu, "Sijapata kuona mbaya kama wewe." Watu walikuwa wamesimama kutazama, hawakuelewa tunacheka nini. Wa mwisho walikuwa wale vilema na wazee, naye nyuma yao. Nilidhani chuma kikivunjika hulia. Hakikulia. Ulikuwa mlio kama wa shuka kuukuu linapochanwa. Kisha reli ikatoka mikononi mwangu, zikaja kengele zote kwa pamoja, kisha maji.

Walimpata chini kwenye kinu cha maji. Hayo ulisikia.

Lakini hukusikia la Kuzmanov, maana ilikuwa kabla hujafika. Alikuja mbio hana kofia. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, ulikuwa umesimama papa hapa. Hukuona boriti ikiinama?"

Nikasema, "Sikuona."

Akafikiri ni jibu la siku ile. Akaendelea kuuliza hili na lile. Nikamshika mkono nikamwambia tena, "Mwanangu, sioni. Nimelipaka daraja hili miaka mitatu na sioni." Tsona, mke wa Haralan, alikuwa amesimama hapo. Nilimjua kwa pumzi yake, alikuwa amekimbia. Nilitaka anitukane. Tangu siku ile hajanitukana.

Sasa nisikilize. Haralan alitia barua yako mfukoni mwake kule zizini. Wameikuta imekuwa uji, hamna herufi. Tume inakuja kutoka wilayani kuuliza maswali, nami nimeshasema yangu. Wewe hukujua kitu. Una mtoto na una kazi. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Nyamaza.

Ignat

*Anasema nimalize hapo. Mwanangu, mimi nilijua kuhusu macho kabla yako, tena nililala naye kitanda kimoja. Nilidhani nikimfichia mume wangu aibu, namtunza. S.*


Varna, 15 Januari 1984

Mjomba, mama Stoyna, shikamooni,

Heri ya mwaka mpya. Ivka anaongea, na neno lake la kwanza lilikuwa "hapana." Plamen anawasalimu.

Sikunyamaza. Tarehe kumi na sita Desemba nilikwenda Smolyan, wilayani, mbele ya tume bila kuitwa. Kulikuwa na watu watatu mezani na mwanamke wa kupiga chapa. Nikawaeleza gamba, kutu, tabaka tatu za juu. Mzee mmoja akaniuliza, "Uliyajua haya lini?" Nikasema Aprili. Akauliza, "Na daraja lilianguka lini?" Alikuwa anajua lini. Alitaka nitamke mimi. Nikatamka.

Kiwandani wamechukua muhuri wangu. Sasa niko ghalani nachanganya rangi, na wanaokagua wanakuja kwangu kuuliza wakiwa wameshusha sauti. Msinihurumie kwa hilo. Kazi si mbaya na natoka mapema kumchukua mtoto.

Mjomba, kuna kitu kimoja kinanitoa usingizini. Mwezi Juni niliona herufi zako, nikakuuliza kuhusu kalamu. Ilikuwa sentensi moja tu kuandika "macho yako vipi?" Niliiandika, nikaifuta, nikaandika kalamu. Nilijiambia nakustahi. Nafikiri nilikuwa naogopa utanijibu.

Nimezungumza na daktari wa macho wa Plovdiv, rafiki wa binamu yake Plamen. Nilimweleza moshi uliouona kwenye wino. Anasema inaelekea ni mtoto wa jicho, na watu hutolewa kila siku hospitalini. Kazi ya asubuhi moja, kisha kulala hospitali majuma mawili. Nilimwuliza kama ingewezekana mwaka juzi. Akasema mwaka juzi ingekuwa rahisi zaidi.

Nimekuwekea nafasi mwezi Machi. Plamen atakuja kukuchukua. Usikatae.

Zlatina


Sinevrah, 12 Juni 1984

Mpwa wangu Zlatina,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, na herufi ni ndogo, unaona. Nimevaa miwani mizito kama vitako vya chupa, na Stoyna anasema nimefanana na bundi. Yeye naye amezeeka, hakuna aliyeniambia. Nilipofunguliwa bandeji nikamtazama kwa muda, akaniuliza natazama nini. Nikasema natazama. Akaenda kusimama dirishani. Bustani imekubali mwaka huu, pilipili zimesimama. Mwambie Plamen asante, alinibeba kwenye ngazi za hospitali kama bibi harusi.

Siku ya kwanza nyumbani nilitoka peke yangu nikaenda mtoni. Upande wetu kimebaki kipande cha daraja, urefu wa chumba, kimeinamia maji. Niliona kazi yangu. Rangi imetiririka kama mate. Kuna mahali nimepaka mara tano na mahali sikupaka kabisa. Nimepaka jiwe. Nimepaka mti wa miiba ulioota ukingoni, na umekufa huku una rangi ya kijivu. Kijiji kizima kilipita hapo kila siku kwa miaka mitatu, Zlatina, wakaniambia, "Ignat, linang'aa." Sikujua kuwa wananipenda kiasi hicho. Nilikaa kwenye nyasi mpaka Stoyna akaja kunitafuta. Sitakwenda tena.

Daraja jipya watajenga, wanasema, la zege, mwaka kesho au ule mwingine. Kwa sasa tunazunguka.

Juzi ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Alfajiri watu walijipakia kwenye trekta la ushirika kwenda makaburini na ngano yao ya kuchemsha na mvinyo vya kuwakumbuka marehemu. Tsona hakupanda. Alisema atakwenda kwa miguu, akatangulia na sufuria yake ya ngano imefungwa kitambaa. Nami sikupanda. Nilimfuata nyuma, umbali wa kumwezesha kujua nipo na kutolazimika kusema nami. Alijua. Hakugeuka. Tukashuka hivyo mpaka daraja la zege, tukavuka, tukaanza kupanda. Jua lilikuwa kali, na yeye si msichana. Pale kwenye mteremko wa mawe, ambapo hata Haralan alikuwa akisimama kupumua, alisimama. Nami nikasimama. Mara ya kwanza tangu Oktoba nikasikia sauti yake.

Akasema, akiangalia mbele, "Si una macho sasa?"

Nikasema ninayo.

Akaiweka sufuria barabarani, akaendelea kupanda mikono mitupu. Nilipofika pale nikaiokota. Ilikuwa bado ina joto. Nikambebea mpaka kaburini.

Mjomba wako,
Ignat